Jahazi la maskini na ahadi za watawala: Funzo kutoka Senegal

Sifa zote njema zinamstahikia Mwenyezi Mungu (S.W.T.), aliyeitiisha bahari kwa manufaa ya waja Wake, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), pamoja na jamaa zake na masahaba zake wote.

Ndugu Waislamu, leo ni Ijumaa, na wengi miongoni mwetu tumeianza siku hii kwa kuisoma Suratul Kahf. Ndani ya sura hiyo mna kisa cha Nabii Musa (A.S.) alipofuatana na mja mwema, ambaye wanazuoni wengi wamemtaja kuwa ni Khidhri. Wawili hao walipakiwa katika jahazi, na yule mja mwema akalitoboa. Nabii Musa akashangaa na kulaumu, maana wenye jahazi walikuwa wamewafanyia hisani. Baadaye, katika aya ya 79, siri ikafichuka: jahazi lile lilikuwa la maskini waliokuwa wakifanya kazi baharini, na mbele yao alikuwapo mfalme aliyekuwa akikamata kila jahazi kwa nguvu. Mja mwema alilitia kasoro ili mfalme yule aliache, na wenyewe wabakiwe na chombo chao.

Mafakihi wa madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo ndiyo yafuatwayo na wengi katika pwani yetu, wamechukua hoja muhimu kutoka katika aya hii. Wamesema: watu wale waliitwa maskini ingawa walimiliki jahazi. Kwa hiyo mtu anaweza kuwa na chombo, nyavu na nguvu za mikono yake, na bado akawa maskini anayestahiki kupewa zaka, kwa kuwa anachokipata hakimtoshelezi yeye na walio nyuma yake. Hoja hii tunaomba msomaji aihifadhi, kwani tutairejea.

Tumekumbuka kisa hiki kwa sababu ya nchi iliyo mbali nasi kwa masafa, lakini ya karibu kwa dini na kwa maisha. Nchi hiyo ni Senegal, iliyoko katika pwani ya Bahari ya Atlantiki, ambako Waislamu ni zaidi ya tisini katika kila watu mia. Huko, mwaka 2024, serikali mpya iliingia madarakani huku ikiwa imewaahidi wavuvi mambo makubwa. Namna ahadi hizo zilivyotolewa, na namna wananchi walivyozipokea, ni somo kwa kila anayeishi ufukweni.

Ahadi zilizotolewa

Uchaguzi wa Rais ulifanyika tarehe 24 Machi 2024. Bassirou Diomaye Faye, aliyekuwa ametoka gerezani siku chache tu kabla ya kupiga kura, alishinda katika duru ya kwanza kwa zaidi ya nusu ya kura. Aliapishwa tarehe 2 Aprili, na akamteua mwenziwe wa siku nyingi, Ousmane Sonko, kuwa Waziri Mkuu. Wakati wa kampeni, Faye alitia saini hati ya ahadi juu ya uvuvi endelevu iliyotayarishwa na wadau wa sekta hiyo. Miongoni mwa mambo yaliyotarajiwa kwake ni kuweka wazi majina ya meli zenye leseni, kuipitia upya mikataba na mataifa ya nje, na kuwalinda wavuvi wadogo.

Ili mtu aelewe uzito wa maneno hayo, hana budi kujua samaki ana nafasi gani kwa Wasenegali. Chakula cha taifa hilo ni wali wa samaki, uitwao ceebu jën, ambao mwaka 2021 uliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa utamaduni wa wanadamu. Inakadiriwa kuwa watu wapatao 600,000 hutegemea uvuvi na kazi zinazouzunguka: wavuvi, wachukuzi, mafundi wa mashua, wauza barafu, na wanawake wanaokausha na kubanika samaki. Samaki wadogo wa jamii ya saradini, ambao Wawolofu huwaita yaboy, ndio kitoweo cha mnyonge. Chewa, ambaye humwita thiof, alikuwa fahari ya sinia la mgeni, na leo familia nyingi humsikia kwa jina tu.

Uhaba huo hauna sababu moja. Kuna meli kubwa za kukokota nyavu, za kigeni na zile zinazopeperusha bendera ya Senegal. Kuna meli zinazoiba usiku bila ya leseni. Na kuna viwanda vya unga wa samaki, vilivyoongezeka katika pwani ya Senegal, Gambia na Mauritania. Viwanda hivi huwanunua samaki wadogo, wakasagwa na kupelekwa nje kuwa chakula cha samaki wa kufugwa na mifugo. Kilo moja ya unga huhitaji kilo nne hadi tano za samaki wabichi. Ripoti ya shirika la Greenpeace na wenzake ya mwaka 2021 ilieleza kuwa zaidi ya tani nusu milioni za samaki wa ukanda huo humalizikia humo kila mwaka, kiasi ambacho kingeweza kuwalisha watu milioni 33. Mwanamke mwenye jiko lake la kubanika hawezi kushindana kwa bei na kiwanda.

Wananchi walivyozipokea

Mwezi mmoja tu baada ya kuapishwa, yaani mapema Mei 2024, serikali ilifanya jambo ambalo wavuvi walikuwa wakilidai kwa miaka mingi: iliitangaza hadharani orodha ya meli zenye idhini ya kuvua katika maji ya Senegal. Meli hizo zilikuwa 151. Katika madiko ya Kayar, Mbour, Joal na Saint-Louis, habari hiyo ilipokewa kwa furaha. Mvuvi aliyekuwa akiona taa za meli usiku na kuuliza ni ya nani, sasa aliweza angalau kulitafuta jina lake katika karatasi.

Lakini furaha ile ilichanganyika na maswali, na maswali yenyewe yalikuwa ya haki. Wengi walisema kuwa orodha ya majina ya meli haisemi ni nani mmiliki wa kweli. Meli inaweza kuwa na bendera ya Senegal na mshirika Msenegali katika makaratasi, ilhali faida na amri viko ng'ambo. Shirika la Environmental Justice Foundation lilieleza mwaka 2025 kwamba karibu asilimia 44 ya meli zenye leseni nchini humo ziko chini ya mamlaka ya wageni, hasa wa asili ya Hispania na China. Wavuvi hawakuhitaji ripoti kuyajua hayo. Walisema tangu zamani kwamba bendera ni kitambaa, na kitambaa hubadilishwa.

Tarehe 27 Mei 2024 Umoja wa Ulaya uliionya Senegal rasmi, kwa kile kiitwacho kadi ya njano, kuwa haifanyi vya kutosha kuzuia uvuvi haramu. Kisha mwezi Novemba ukatangaza kwamba itifaki ya uvuvi baina yao, iliyoanza mwaka 2019, haitaongezwa muda. Itifaki hiyo iliziruhusu meli za Hispania, Ufaransa na Ureno kuvua jodari na samaki wengine wa kilindini, kwa malipo ya kiasi cha euro milioni 1.7 kwa mwaka. Ilimalizika tarehe 17 Novemba 2024. Kwa kadari ya Mwenyezi Mungu, siku hiyo hiyo Wasenegali walikuwa katika vituo vya kupigia kura kuwachagua wabunge, na chama cha Rais kikapata viti 130 kati ya 165.

Wako waliopiga vigelegele na kusema: ahadi imetimia, Wazungu wameondoka. Wako waliosema: tusijidanganye, kwani mlango umefungwa na Ulaya yenyewe kwa sababu ya onyo lake, na meli zilizokuwa zikija kwa itifaki ile zilikuwa chache kuliko zile zinazobaki. Na wako walioshika tama. Mabaharia Wasenegali walioajiriwa katika meli za jodari, na vibarua wa bandari ya Dakar, walijiuliza watakula nini kesho. Sauti zote tatu zilikuwa za watu wa nchi moja na dini moja, na kila mmoja alikuwa na sehemu ya ukweli mkononi.

Tusiwalaumu waliotia shaka, kwani historia ndiyo iliyowafundisha. Itifaki kama hii iliwahi kumalizika mwaka 2006, na kwa miaka minane hapakuwa na nyingine. Je, meli ziliondoka zote? La. Baadhi yake zilibaki kwa kuundiwa kampuni za ubia na kupewa bendera ya Senegal. Vilevile mwaka 2012, Rais Macky Sall alipoingia madarakani, serikali yake iliwafutia leseni wenye meli 29 kubwa za kigeni, baada ya wavuvi kulalamika sana wakati wa uchaguzi. Watu walifurahi, na walikuwa na haki ya kufurahi. Lakini katika miaka iliyofuata viwanda vya unga wa samaki vikaendelea kuongezeka, na samaki yule yule aliyeokolewa na nyavu za meli akaishia katika mashine za nchi kavu. Mlango mmoja ulifungwa, dirisha likaachwa wazi.

Barcelona au barazakhi

Mtu anaweza kudhani kuwa haya ni mabishano ya mikataba na takwimu. Sivyo. Haya ni maisha na mauti.

Vijana wa pwani ya Senegal wana msemo wao mashuhuri: Barça walla Barsax, yaani ama Barcelona, ama barazakhi. Barazakhi hii ni ile ile tunayofundishwa madrasa, makao ya roho baina ya kifo na kufufuliwa. Kijana wa Kiislamu, mwenye mama na msikiti wa mtaani kwake, anapanda mashua ya uvuvi kuelekea visiwa vya Canary huku akijua kuwa huenda safari ikaishia kaburini, na wala si kaburi la kuzikwa na kusaliwa.

Mwezi Julai 2023 mashua iliondoka Fass Boye, kijiji cha wavuvi, ikiwa na watu 101. Ilikutwa mwezi Agosti ikielea karibu na Cape Verde. Waliokuwa hai ni 38 tu. Mwezi Septemba 2024, miezi mitano baada ya serikali mpya kuapishwa, mashua nyingine ilizama karibu na Mbour na kuua makumi ya watu. Mwaka huo wa 2024 zaidi ya watu 46,000 walifika visiwa vya Canary kwa njia ya bahari kutoka Afrika Magharibi, na wasiofika hesabu yao kamili anaijua Mola wao.

Mashua zinazobeba vijana hawa ni zile zile zilizokuwa zikileta yaboy. Manahodha wao ni wavuvi. Bahari iliyokuwa njia ya riziki imegeuka kuwa njia ya kukimbia. Ndiyo maana ahadi juu ya samaki, katika nchi kama ile, si ahadi ndogo. Anayewaahidi watu samaki amewaahidi kwamba watoto wao watabaki nyumbani.

Ahadi katika mizani ya dini

Waswahili husema ahadi ni deni, na msemo huu umesimama juu ya msingi wa Qur'ani. Katika Suratul Israa, aya ya 34, tumeamrishwa kutimiza ahadi na kuonywa kuwa ahadi ni jambo la kuulizwa. Katika Suratus Saff, aya ya 2 na ya 3, Mwenyezi Mungu amewakemea vikali walioamini kwa kusema wasiyoyatenda. Na Mtume (S.A.W.) amelihesabu jambo la kuvunja ahadi kuwa miongoni mwa alama tatu za mnafiki, pamoja na uongo na khiyana.

Kwa mtawala jambo ni zito zaidi, kwa kuwa ahadi yake imebeba pia amana. Abu Dharr (R.A.) alipoomba kupewa uongozi, Mtume (S.A.W.) alimweleza kuwa huo ni amana, na kwamba Siku ya Kiyama utakuwa fedheha na majuto isipokuwa kwa aliyeuchukua kwa haki yake na akatekeleza wajibu wake. Hadithi hii ameipokea Imamu Muslim. Katika kampeni maneno ni mepesi. Katika mizani ya Kiyama maneno yale yale yatakuwa na uzito wa kila mdomo uliokosa kitoweo.

Tuiangalie bahari yenyewe. Katika Suratun Nahl, aya ya 14, Mola ametukumbusha kuwa ameitiisha bahari ili tule kutoka humo nyama laini, tutoe mapambo, na tuone vyombo vikiikata katika kutafuta fadhila Zake. Fadhila hizo hakupewa mfalme peke yake. Mafakihi wanasema samaki wa baharini ni mubaha: hana mwenyewe mpaka avuliwe. Serikali haiwamiliki samaki kama mtu anavyomiliki ng'ombe zizini. Inawasimamia tu kwa niaba ya waliopo na watakaozaliwa.

Hapa pana nukta nyingine. Mafakihi walikataza kumuuza samaki aliye majini bado, kwa kuwa kuna gharari ndani yake: mnunuzi hajui anapata nini, wala muuzaji hajui anatoa nini. Leseni si mauzo ya samaki wenyewe, na sisi hatutoi fatwa hapa. Lakini hekima ya katazo lile inatufaa. Serikali inayogawa ruhusa ya miaka mitano juu ya samaki ambao haijawahesabu vizuri inafanya biashara katika giza. Hata Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa mwaka 1982 unaelekeza kuwa wageni wapewe ile ziada tu ambayo wenyeji hawawezi kuivua. Ziada hujulikanaje bila ya hesabu? Na itakuwaje ziada, ilhali mama wa Kayar hana cha kubanika?

Wavuvi nao wataulizwa

Hata hivyo uadilifu unatutaka tuseme na upande wa pili. Ni rahisi kumlaani mfalme wa nje na kusahau tundu tunalolitoboa wenyewe.

Huko Senegal nyavu za uzi wa plastiki zimepigwa marufuku kisheria kwa miaka mingi, kwa sababu zikikatika na kuzama huendelea kuua samaki bila ya mvuvi kufaidika. Hata hivyo zimeendelea kutumika. Mwezi Aprili 2023 wavuvi wa Kayar na wa Mboro walipambana kwa ajili ya nyavu hizo hizo, na damu ikamwagika baina ya ndugu wanaoelekea kibla kimoja. Kayar ile ile imewahi kuwa mfano mwema, kwani tangu miaka ya 1990 wavuvi wake walijiwekea wenyewe kikomo cha kreti ambazo kila mashua ingeleta kwa siku, ili bei isianguke na samaki wasimalizwe. Hawakuamrishwa na meli ya doria. Walikubaliana na wakaambizana ukweli.

Mtume (S.A.W.) alitupigia mfano ambao kila baharia anaufahamu. Katika hadithi aliyoipokea Bukhari kutoka kwa Nu'man bin Bashir (R.A.), watu waliogawana chombo kwa kura: wengine wakapata juu, wengine chini. Wa chini walikuwa wakipita kwa wa juu kuteka maji, wakaona bora watoboe sehemu yao wasiwasumbue wenzao. Mtume (S.A.W.) akaeleza kuwa wakiachwa wataangamia wote, na wakizuiwa wataokoka wote. Tazama hekima yake: wa chini walikuwa na dhiki ya kweli, na nia yao haikuwa mbaya. Lakini dhiki haiifanyi bahari isiingie tunduni.

Na katika Suratul A'raf, kuanzia aya ya 163, tumesimuliwa watu wa mji uliokuwa kando ya bahari, waliokatazwa kuvua siku ya Sabato. Samaki wakiwajia kwa wingi siku ile ile, na siku nyingine hawaji. Wakavuka mpaka, na wanazuoni wameeleza hila walizozitumia. Mtihani wao ulikuwa juu ya samaki, na juu ya kusubiri siku moja tu. Sisi leo tunapoambiwa tufunge mwamba miezi mitatu pweza wakue, au tusitumie nyavu zenye matundu madogo, tunapewa mtihani wa namna hiyo hiyo. Mwenye kuingia kwa siri usiku asiseme kuwa anaikomoa serikali. Anaila kesho ya mwanawe.

Na sisi wa pwani hii

Msomaji ataona kuwa tumezungumza ya Senegal, lakini mambo haya si mageni kwetu. Nani asiyewakumbuka samaki wa Magufuli? Mwezi Machi 2009 meli ya Tawariq 1 ilikamatwa katika maji ya Tanzania ikiwa na shehena kubwa ya jodari, na John Magufuli ndiye aliyekuwa Waziri wa Maendeleo ya Mifugo na Uvuvi. Samaki wale waligawiwa katika taasisi mbalimbali, zikiwamo shule na hospitali, na watu wakashangilia. Kesi ikaenda miaka kadhaa, na mwaka 2014 Mahakama ya Rufani ikaubatilisha mwenendo mzima na hukumu yake. Hatusemi kuwa kuikamata meli ilikuwa kosa. Tunasema kwamba shangwe ni ya siku moja, na haki inahitaji sheria iliyoshikwa barabara tangu mwanzo hadi mwisho. Ndivyo ilivyo Senegal pia: kutangaza orodha ni siku moja, na kuisimamia orodha ni kazi ya kila usiku.

Lakini pwani yetu ina mfano mwingine ulio mzuri zaidi. Magharibi ya Pemba kuna kisiwa kidogo cha Misali. Wenyeji husimulia kuwa Khidhri, ambaye wazee humwita Hadhara, alifika hapo na kuwaomba wavuvi msala wa kusalia. Hawakuwa nao. Akasema basi kisiwa hiki, kilichoelekea kibla, kitakuwa mithili ya msala wake. Ndilo likawa jina lake. Ni masimulizi ya wazee, na elimu ya ghaibu ni ya Mwenyezi Mungu. Ila ajabu ni kwamba mja yule yule anayetajwa kulinusuru jahazi la maskini, ndiye ambaye wavuvi wa Pemba walimhusisha na kisiwa wanachokitegemea.

Mwaka 1998 Misali na miamba yake iliwekwa kuwa hifadhi, huku wavuvi wakishirikishwa katika usimamizi. Makatazo ya serikali peke yake hayakuwatosha waliozoea baruti na zana haribifu. Ndipo, kuanzia mwaka 1999, mashirika yaliyokuwa yakiusaidia mradi yakawakutanisha masheikh, walimu wa madrasa na wavuvi, wakasoma pamoja mafunzo ya Qur'ani juu ya amana, uharibifu na haki ya viumbe. Mvuvi aliyekuwa akiikimbia boti ya doria alielewa kuwa hawezi kumkimbia Mola wake. Hatudai kuwa maovu yote yalikwisha. Tunasema kuwa mimbari ilifanya kazi ambayo amri ya karatasi ilishindwa kuifanya.

Tufanye nini?

Kwa watawala, wa Senegal na wa kwetu, tunasema: mkiahidi, andikeni tarehe. Watajeni wamiliki wa kweli wa meli pamoja na majina ya meli. Wekeni kikomo cha viwanda vinavyosaga chakula cha watu kuwa chakula cha mifugo. Msimpe mvuvi mashine ya boti kwa mkono mmoja na kwa mkono mwingine mkampa leseni anayemmalizia samaki. Na likishindikana jambo, mtoke mseme kwa ukweli, kwani mwenye deni anayeomba muda ni bora kuliko anayejificha.

Kwa wananchi tunasema: furaha yenu juu ya ahadi njema ni halali, na subira yenu ni ibada, ila subira si usingizi. Ulizeni kwa adabu, na ulizeni tena. Kwa wavuvi tunasema: mnapodai haki yenu juu, msitoboe chini. Na kwa makhatibu na maimamu wa misikiti ya pwani tunasema: hotuba moja ya Ijumaa juu ya bahari haitapungua thawabu kuliko hotuba nyingine yoyote. Katika Suratur Rum, aya ya 41, Mola ametaja kudhihiri kwa ufisadi barani na baharini kwa sababu ya yale ambayo mikono ya watu imeyachuma, ili huenda wakarejea. Neno hilo la kurejea ndilo rehema iliyobaki.

Turudi kwenye jahazi tulilolianza. Maskini wale walikuwa na chombo, na bado walikuwa maskini, kwa kuwa kulikuwa na mwenye nguvu anayewangoja mbele. Mwenyezi Mungu aliwapelekea mja mwema aliyelitia kasoro jahazi ili liokoke, na wao hata hawakujua siku ile kwamba wamehifadhiwa. Leo hatutarajii Khidhri ashuke katika diko la Mbour wala la Wete. Tumeachiwa Kitabu, akili, na kura, na kila mmoja wetu ni mchungaji atakayeulizwa juu ya alichokichunga.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu (S.W.T.) awarehemu waliozama wakitafuta riziki, awape subira wazazi wao, awaongoze wenye madaraka watimize waliyoyaahidi, na aibariki bahari yetu na mikono inayovua humo kwa halali. Amin.

Wallahu a'alam.